Kocha, Mwanangu Amekosa Columbus kwa Pointi Moja

SWALI: Kocha, salamu nyingi. Sisi ni watu wa Kigoma, kwa sasa tunaishi Akron, Ohio. Mwanangu yuko darasa la 11 na anacheza mieleka uzito wa paundi 150. Msimu huu hakuna mwenzake kwenye timu aliyeshinda mechi nyingi kama yeye. Kwenye mashindano ya wilaya alishinda mechi zake mbili za Ijumaa, akaingia nusu fainali, akapigwa Jumamosi asubuhi. Wakamrudisha mkekani na kijana mwingine. Dakika sita zikaisha 4–4, nyongeza ikapita bila pointi, kisha wakapeana zamu za kuanza chini, mmoja ameshikwa na mwenzake kutoka nyuma, sekunde 30 kila mmoja. Wangu hakuchomoka, yule akachomoka. 5–4. Na huyo mtoto alishapigwa tangu Ijumaa! Yeye kaenda mashindano ya jimbo kule Columbus, wangu kashika nafasi ya tano, kaambiwa ni wa akiba.

Sasa nyumbani hazungumzi. Kocha wa shule anataka mwakani ashuke hadi 144. Baba yake anasema mchezo uishe, mtoto asome. Je, hii ni haki? Na kuna chuo kitakachomtazama mtoto ambaye hakufika jimbo?
— Mama mwanamieleka, Akron

JIBU: Pole sana, mama. Nimekaa kwenye meza ya pointi pembeni ya mkeka majira mengi ya baridi, na siku ninayoiogopa ni Jumamosi ya wilaya. Kwenye jimbo anayefungwa analia, lakini amefika. Wilayani unawaona vijana wakubwa wamejifunika taulo kichwani nyuma ya majukwaa, na wazazi hawajui wasogee au wakae mbali.

Tuanze na haki, maana hapo ndipo moyo wako umekwama. Kwa Ohio, kila uzito wilayani unaanza na vijana 16 waliopenya kutoka mashindano ya tarafa, na wanne tu ndio wanaokwenda Columbus, ukumbi wa Schottenstein Center. Wanaoshinda nusu fainali wameshapata nafasi zao. Wanaoshindwa nusu fainali bado hawana kitu mkononi. Wanateremshwa kukutana na waliokuwa wakipanda kutoka upande wa walioshindwa mapema, na mechi hiyo moja ndiyo inayoamua nani anakwenda. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtoto ashinde mbili, apigwe mbili mfululizo, abaki nyumbani, huku aliyepigwa Ijumaa ameshinda tatu za upande wa walioshindwa na kufunga safari. Yule hakubebwa, mama. Alifika kwenye mechi ile akiwa amecheza zaidi, amechoka zaidi, na bado akachomoka.

Lipo jambo jingine ambalo kocha wa shule huenda hakulisema kwa adabu: wilaya hazilingani. Kila moja inatoa wanne, iwe na nyota saba au wawili. Wa tano wa wilaya ngumu anaweza kumlaza chali wa tatu wa wilaya nyingine, na sisi wa mezani tunaliona hilo kila mwaka. Walau Ohio inagawa shule katika madaraja matatu kwa wingi wa wanafunzi. California na New Jersey hazigawi. Shule ya watoto mia chache na shule ya maelfu zinagombea ubingwa mmoja wa jimbo, California huko Bakersfield, New Jersey huko Atlantic City. Sisemi hivyo ili kumfariji mtu. Nasema ili usidhani mwanao ameonewa peke yake.

Kuhusu "wa akiba": maana yake mmoja wa wanne akiumia au akiugua, anaitwa yeye. Ni nadra, ila si maneno matupu. Na ujue kwamba kuipata hiyo nafasi ya tano ilibidi arudi mkekani mchana uleule, ndoto imeshavunjika, acheze na ashinde. Watoto wengi wanacheza mechi hiyo macho yakiwa mlangoni. Mimi ningekuwa kocha wa chuo, hiyo ndiyo mechi ambayo ningeomba video yake.

Sasa niruhusu niizungumzie ile 5–4, kwa sababu umeniandikia vizuri kiasi kwamba naiona. Tangu msimu wa 2024–25 kumwangusha mtu na kumdhibiti ni pointi 3, zamani zilikuwa 2. Kujinasua kutoka chini ni 1. Kwa hiyo 4–4 inaniambia kwamba huenda kila mmoja alimwangusha mwenzake mara moja na kila mmoja alijinasua mara moja. Wakiwa wamesimama, walilingana. Dakika nzima ya nyongeza, ambayo anayeangusha kwanza ndiye mshindi, wakalingana tena. Kilichobaki ni kuanza chini: magoti na viganja kwenye mkeka, mtu amekukumbatia kiuno kutoka nyuma, filimbi inalia, una nusu dakika. Wanaochomoka huwa wameshaukamata mkono ulioko kiunoni na wameshasimama kabla sijaangalia saa. Anayengoja "nafasi nzuri" anavutwa kifundo cha mguu, kifua kinarudi chini, saa inaisha. Mwanao hakukosa kipaji wala moyo. Alikosa kusimama upesi akiwa amechoka, na hicho ni kitu cha mazoezi, kinachofanyika mwisho wa mazoezi na si mwanzo, miguu ikiwa imeshakuwa mizito.

Ndiyo maana hilo la kushuka hadi 144 sikubaliani nalo, angalau si sasa. Mtoto wa miaka 16 au 17 bado anaongezeka mfupa na nyama. Uzito wa chini anaoruhusiwa hauamuliwi na kocha mwezi wa tatu. Unapimwa mwanzoni mwa msimu: anapimwa mkojo kwanza kuhakikisha hakujikausha maji, kisha mafuta ya mwili, na kwa wavulana hesabu haiwezi kushuka chini ya asilimia 7. Hata akiruhusiwa, hapaswi kupoteza zaidi ya asilimia 1.5 ya mwili wake kwa wiki, yaani kwa paundi 150 ni kama mbili na robo tu. Kanuni hizi zilikazwa kwa sababu ya misiba. Mwishoni mwa 1997 vijana watatu wa vyuo walifariki wakijikausha ili wafikie uzito, wakifanya mazoezi kwenye joto wamejifunga mavazi ya kutoa jasho. Ukiona mwanao anatema mate kwenye chupa siku nzima au anakimbia amevaa nailoni, mama, zuia kwanza, uliza baadaye. Isitoshe, aliyeishiwa nguvu sekunde 30 za mwisho akiwa ameshiba ataponaje akiwa na njaa?

Chuo. Mlango haujafungwa. Makocha wa vyuo wanajua hesabu ya wilaya kuliko sisi, na wanatazama alicheza na nani, alifungwa vipi. Mwishoni mwa msimu kuna mashindano ya kitaifa ya sekondari Virginia Beach, na huko wanagawa kwa darasa: wa 11 anakutana na wa 11 kutoka majimbo mengine. Majira ya joto kuna Fargo, North Dakota, kwa mitindo ya kimataifa, ambako vijana huenda na timu za majimbo yao. Mitindo hiyo itamnoa sana akiwa amesimama. Ila angalia: kule ukiwa chini na hakuna kinachotokea, mwamuzi anawasimamisha. Haitamfundisha kuchomoka. Kwa hiyo akijiunga na klabu msimu wa kuchipua, aombe siku moja kwa wiki ya kucheza kwa kanuni za sekondari, aanze chini kila mara.

Baba yake naye ana hoja, nisimpite. Vyuo vya Daraja la III, yaani ngazi ya tatu ya michezo ya vyuo, ambavyo vina timu nyingi za mieleka, havitoi hata senti kwa ajili ya michezo. Msaada wao unakuja kwa alama za darasani na hali ya familia. Mwanao akiwa na alama nzuri ana vyuo vingi zaidi vya kuchagua kuliko bingwa mwenye alama mbovu. Kwa hiyo mzee asiseme "aache, asome". Aseme asome ili acheze. Na uamuzi wa kuacha, kama upo, ni wa mtoto mwenyewe, na si mwezi huu.

Kuhusu ukimya: mwache. Mpe chakula, mwambie ulimwona, basi. Wajomba watakuja na kisa cha mwanamieleka Dan Gable, jinsi alivyopoteza fainali yake ya mwisho ya chuo mwaka 1970 na kisha mwaka 1972 akachukua dhahabu ya Olimpiki Munich bila kufungwa pointi hata moja. Kisa ni cha kweli na ni kizuri. Wiki hii hakimfai. Katika mechi zake zote za sekondari na chuo, Gable alipoteza hiyo moja tu. Mtoto wako atasikia tu kwamba na yeye alitakiwa awe hivyo.

SWALI: Kocha shikamoo. Mimi ni wa pili kwenye timu yetu uzito wa 157. Aliye mbele yangu kafika jimbo. Mimi niliwapiga vijana wawili wa shule nyingine waliofika pia, lakini wilaya sikuigusa kabisa. Nihame shule?
— Darasa la 10, Dayton

JIBU: Marahaba. Shule inaingiza mtu mmoja tu kwa kila uzito, hivyo wewe ulitolewa kwenye ukumbi wenu wa mazoezi kabla mashindano hayajaanza. Inauma, na hakuna picha ya gazetini ya kuonyesha. Kuhama kuna kanuni zake, na zinaweza kukunyima mashindano ya mwisho wa msimu, yaani kilekile unachokifuata. Kwanza uliza mwenzako yuko darasa la ngapi. Kama anamaliza mwaka huu, nafasi ni yako. Kama anabaki, tazama 165: ni paundi nane juu, na mwili wako huenda ukafika huko wenyewe kabla ya Novemba. Halafu muombe huyo wa jimbo mfanye mazoezi pamoja kiangazi chote. Huna mpinzani mzuri zaidi ya huyo, na hulipi nauli kumpata.