"Afraid" si woga peke yake

Mkuu, umeuliza kwa nini mteja wako amekuandikia "I'm afraid we can't pay before Friday" wakati hujamtisha kwa lolote. Hapo hakuna hofu. Anakulainishia habari usiyoipenda, kama sisi tunavyotanguliza "samahani" au "kwa bahati mbaya". Nimefanya kazi ya kutafsiri barua za ofisini kwa miaka mingi, na humo nakutana na "afraid" ya namna hii kuliko ile ya woga wenyewe. Ukimuuliza mtu kama nafasi zimejaa akakujibu "I'm afraid so", amesema ndiyo, kwa masikitiko. Nawe kama huwezi kungoja hadi Ijumaa, mwandikie "I'm afraid we need it sooner". Ni kauli ya kiungwana wala haionyeshi unyonge.

Likibeba hofu kweli, tazama kinachofuata, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. "I'm afraid of my son" ni kwamba mwanao anakutisha. "I'm afraid for my son" ni kwamba unahofia yatakayompata. Mzazi akiandikia shule akachanganya hivyo viwili, wataelewa mambo mengine kabisa!

Kuna na hii: "She was afraid to climb because she was afraid of falling." Kupanda ni uamuzi wake, ila hathubutu, kwa hiyo "to". Kuanguka hakuamui yeye, kunaweza kumkuta tu, kwa hiyo "of falling". Ishike sentensi hiyo kama ilivyo, inafundisha kuliko maelezo marefu. Utasikia pia "afraid of climbing", nayo ni sahihi; lakini "afraid to fall" kwa maana hii haikai vizuri.

Halafu usiliweke mbele ya nomino. "The child is afraid" ni sawa, "an afraid child" hapana. Sema "a frightened child". Liko kundi moja na "asleep" na "alive", nayo hayakai hapo.

"Scared" lina maana ya karibu sana, ni la mazungumzo zaidi, na lenyewe linakubali kukaa mbele ya nomino: "a scared child". Ila kazi ya kuomba radhi haliifanyi. Ukiandika "I'm scared we can't pay", msomaji ataelewa kwamba unaogopa kweli.