Kabla ya Kununua Domeni, Mtafute Mnunuzi Wake

Vijana wengi hunitumia orodha za majina ya kikoa (domeni, yaani anwani za tovuti) wanayotaka kununua ili wayauze baadaye, wakiniuliza lipi lina pesa. Mimi huwajibu kwa swali: nani atalihitaji, na leo hii anatumia nini badala yake? Kama huwezi kunionyesha biashara kumi zilizo hai ambazo jina hilo lingezifaa, iache pesa yako kwenye simu.

Nawakazia hapo kwa sababu domeni haikai bure. Ya .com hugharimu takriban dola 10 hadi 15 kwa mwaka, na mwaka ukiisha unalipa tena, uwe umeuza au hujauza. Wazoefu wa soko hili husema mwenye majina mia, tena mazuri, huuza moja au mawili kwa mwaka. Sasa piga hesabu ya mtu mwenye majina ishirini aliyoyachagua usiku mmoja kwa sababu yalimpendeza masikioni. Atalipa miaka na miaka.

Wanaoanza wengi huvutwa na habari za mauzo makubwa. Ni kweli, Voice.com iliuzwa kwa dola milioni 30 mwaka 2019. Lakini hilo ni neno moja la Kiingereza, na maneno ya aina hiyo yalishachukuliwa zamani; .com ya kwanza kabisa, symbolics.com, ilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985. Anayeingia leo akiwa Kampala hatayapata kwa bei ya kusajili. Riziki yake iko kwenye yale ambayo mtu wa mbali hayajui, na yeye anayajua kwa sababu anaishi nayo.

Ndiyo maana shule yangu ya kwanza ni mtaa wa Nasser Road, Kampala. Nenda kwa wachapishaji pale, simama kidogo, soma kadi za biashara, kalenda na mabango yanayosubiri wenyewe. Utaona kampuni ya utalii yenye magari na wafanyakazi, lakini chini ya kadi yake pana anwani ya Gmail. Utaona wachimba visima, mawakala wa kutoa mizigo, wauza viwanja, hospitali binafsi. Andika wanavyojitambulisha: mara nyingi ni jina la mahali likifuatwa na kazi. Kwa mtindo huohuo ndivyo mteja anavyotafuta mtandaoni. Daftari la namna hiyo litakufaa kuliko programu yoyote ya kubuni majina.

Halafu wachuje kwa swali la pili: mteja wa biashara hii huja kupitia mtandao, au hupita mlangoni? Muuza rolex wa Wandegeya anaonwa na wapita njia. Chapati na mayai yake hayahitaji domeni. Lakini chukua utalii wa Bwindi. Julai 2024 kibali cha kuwaona gorila kilifika dola 800 kwa mgeni wa kutoka nje ya Afrika, kabla hajalipia gari wala hoteli. Mgeni huyo anapanga safari akiwa kwao Ujerumani au Marekani, hajawahi kukanyaga Entebbe, na imani yake kwa kampuni inaanzia kwenye jina analoliona. Kwa mwenye kampuni, kundi moja tu la wageni laweza kurudisha gharama ya jina zuri. Biashara za namna hii ndizo ninazozitafuta: mauzo makubwa, mteja wa mbali.

Ukishapata jina unalolipenda, lipime kwa simu. Mimi humpigia shangazi yangu wa Masaka, nalitamka mara moja, kisha namwomba anitumie kwa ujumbe kama alivyolisikia. Nilipomtajia jina lenye neno kilimo, likarudi kirimo. Wala si kosa lake. Katika maandishi ya Kiganda, r hufuata e na i, na kwingineko huwa l, kwa hiyo mkono wake ulifuata kanuni aliyofundishwa shuleni. Kama unalenga wanunuzi wa Buganda, chunga sana herufi hizo mbili. Jina ambalo wateja watakuwa wanaliandika vibaya litampotezea mnunuzi barua pepe, naye atalijua hilo kabla hajakulipa. Vistari na tarakimu niliviacha kwa sababu hiyohiyo. Mfumo unaruhusu hadi herufi 63, lakini mimi sivuki maneno mawili.

Kwa kiambishi, yaani kile kipande cha mwisho wa jina, anayeanza ashike .com. Za .ug na .co.ug, ambazo ni za Uganda, ni nzuri kwa biashara inayouza ndani ya nchi, ila wanunuzi wake wanabaki humu humu. Jihadhari na viambishi vipya vinavyouzwa kwa bei ya kutupa mwaka wa kwanza. Soma bei ya kuhuisha kabla ya kubonyeza lipia, maana huenda ikawa mara kadhaa ya ile uliyoanza nayo.

Na hapa niseme jambo ninaloliamini kwa dhati: sisi tunaozungumza Kiswahili Uganda tuna nafasi ambayo hatuitumii. Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jina la .com lenye neno la Kiswahili linaloeleweka lina mnunuzi Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Goma. Jina la Kiganda, hata liwe tamu vipi, soko lake linaishia karibu.

Usiguse alama za biashara za watu. Kuunganisha jina la kampuni ya simu na neno pesa si uwekezaji. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kimataifa, UDRP, ambao mwenye alama huutumia kunyang'anya domeni akithibitisha mambo matatu: jina linafanana na alama yake, wewe huna haki nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ada yako haitarudi. Kabla ya kununua, tafuta jina kwenye hifadhidata ya alama ya WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, ambayo ni bure, kisha uliza URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, pale Kampala.

Jina lililowahi kumilikiwa lichunguze pia kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za tovuti, uone lilikuwa likitumika kwa nini. Likiwa liliwahi kubeba kamari au utapeli, achana nalo.

Sajili kwa jina lako mwenyewe na barua pepe yako mwenyewe, si ya rafiki mwenye kadi ya benki. Liweke kwenye masoko ya domeni ya mtandaoni kama Sedo au Afternic likiwa na bei, na hakikisha anayelifungua kwenye kivinjari anaona kwamba linauzwa. Mtu akikuandikia, mjibu siku hiyohiyo, kwa heshima, na umtajie kiasi kimoja unachokitaka. Wenye biashara wa kwetu wana shughuli nyingi, ukimzungusha anachagua jina jingine. Msimbo wa kuhamisha domeni, ule unaomwezesha mtu kulichukua jina, usimpe mtu kwa sababu amekutumia picha ya risiti. Kwa mnunuzi wa mbali tumia huduma inayoshikilia fedha kama Escrow.com, na kwa wa hapa Kampala kutaneni benki, fedha ziingie kwenye akaunti yako, ndipo ufungue kompyuta umhamishie jina akiwa ameketi kando yako.