Mzazi Asiyetaka Kwenda Apewe Kazi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Je, umewahi kwenda likizo usiyoitaka kwa ajili ya watoto wako, na uliivukaje?" Nimewahi. Agosti ya mwaka juzi nilishinda siku nne katika bustani za burudani za Walt Disney World, katika jimbo la Florida, Marekani, na nilikwenda huku moyo wangu umekataa katakata. Najibu kwa kirefu kwa sababu naamini wazazi wengi wa hapa Nairobi wamewahi kujikuta mahali nilipokuwa, na wengi wetu tunaitumia njia niliyoitumia mimi siku ya kwanza, yaani kujifanya tunafurahi. Njia hiyo inaumiza familia nzima.

Nieleze kwanza kwa nini sikutaka. Kwetu sisi Agosti ni mwezi wa Wundanyi. Shule zikifunga muhula wa pili, watoto huenda kwa mama yangu Taita, wakaamka na ukungu wa milimani na kulala mapema, nami hupata juma moja la kukaa naye jikoni. Mwaka huo wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, ambaye ni muuguzi huko Florida, alituzawadia tiketi za kuingilia. Alitaka twende kabla binti yangu hajatimiza miaka kumi, kwa kuwa kuanzia umri huo mtoto hulipiwa bei ya mtu mzima. Zawadi ya namna hiyo haikataliwi. Nauli ya ndege ilimeza akiba yetu ya miaka miwili, na siku ya mahojiano ya viza pale Gigiri nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo waninyime mimi peke yangu.

Mimi ni mhasibu wa sacco. Nimezoea kuona fedha ikifanya kazi, na tiketi ya siku moja ya mtu mzima katika bustani zile inazidi dola 100. Kwa hiyo siku ya kwanza niliingia na hesabu kichwani: tumelipa kiasi fulani, basi ni lazima tupande michezo kadha wa kadha, na hatutoki humu mpaka fataki za usiku zipigwe. Niliwavuta watoto kutoka foleni hadi foleni. Kila mtu aliponiuliza kama nafurahi, nilitabasamu na kusema naam. Jua la Florida mwezi wa nane si jua tunalolijua sisi. Joto hupanda hadi nyuzi 33 hivi, na hewa ni nzito yenye unyevu, mithili ya Mombasa siku ambayo upepo wa bahari umekatika. Tulikuwa tumetoka Nairobi ya sweta na chai ya tangawizi.

Fataki zilianza saa tatu usiku juu ya ile ngome ya Magic Kingdom, mojawapo ya bustani zile, na mwanangu wa miaka mitano hakuziona. Alikuwa amelala begani kwa baba yake, kinywa wazi, jasho limemlowesha shingo. Binti yangu alizitazama huku analia, na nilipomuuliza analilia nini akasema hajui. Kutoka Magic Kingdom hadi uwanja wa magari ni lazima uvuke ziwa kwa feri au upande treni ya reli moja, na usiku ule kila mtu alikuwa anaondoka wakati mmoja. Tulisimama gizani katika foleni ya feri. Binti yangu alikuwa amevua viatu na kuvishika mkononi, vidole vya mguu wa kulia vimevimba malengelenge mawili. Akaniangalia akasema, "Mama, wewe hupendi hapa, sivyo? Hata mimi nimechoka, lakini naogopa kusema kwa sababu shangazi amelipa." Mtoto wa miaka tisa alikuwa amebeba mzigo ule wangu, hesabu ileile na tabasamu lilelile la uongo.

Asubuhi yake, kabla watoto hawajanywa chai, nilimwambia wifi ukweli. Nilimshukuru, kisha nikamwambia kwamba sipendi umati wala kelele wala michezo ya kurushwa hewani, na kwamba sitajifanya tena. Niliogopa atakasirika. Alinyamaza kidogo, akasema, "Wifi, si ungesema. Basi tukupe kazi gani?" Swali hilo ndilo lililoniokoa, na ndilo jibu langu kwenu. Mzazi asiyetaka kwenda asibembelezwe apende, wala asiachwe hotelini ananuna. Apewe kazi ambayo familia inaihitaji na ambayo yeye anaiweza. Mimi niliomba saa. Tangu asubuhi ile mimi ndiye niliyeamua tunafika lini, tunapumzika lini na tunaondoka lini, na wote walikubali kunitii.

Nilianza na hesabu, safari hii ya saa na si ya dola. Nairobi iko mbele ya Florida kwa saa saba wakati wa kiangazi chao. Watoto wangu walikuwa wanaamka saa kumi alfajiri, macho makavu, kwa kuwa nyumbani ilikuwa saa tano asubuhi. Ikifika saa nane mchana kule, miili yao inajua kwamba huku Nairobi ni saa tatu usiku, wakati wa kulala. Na zile fataki za saa tatu usiku zilikuwa zimewakuta katika saa kumi alfajiri ya nyumbani. Tulikuwa tumewakesha watoto usiku kucha kisha tukashangaa kwa nini wanalia. Niliona aibu ya kweli, maana hesabu hiyo ningeweza kuifanya nikiwa bado Kasarani.

Basi tukaigeuza ile hali ya kuamka alfajiri ikawa faida yetu. Siku zilizofuata tulikuwa langoni kabla halijafunguliwa, na kwa saa mbili za mwanzo, jua bado changa na familia nyingine bado ziko kwenye kifungua kinywa, tulipanda michezo mingi kuliko tuliyopanda siku nzima ya kwanza. Saa saba mchana tuliondoka, hata kama kulikuwa na mchezo uliobaki, hata kama jirani yetu wa foleni alitushangaa. Kwa siku nne au tano za mwanzo, kabla mwili haujazoea saa za kule, mzazi anayetoka Afrika Mashariki asipigane na jambo hili. Na likizo yetu ya Agosti ina baraka nyingine ambayo sikuijua: shule za Florida hufunguliwa katikati ya mwezi huo huo, kwa hiyo foleni za majuma ya mwisho huwa nafuu kuliko za Julai. Kuna njia ya mkato iitwayo Lightning Lane, ambayo hulipiwa, lakini aliyefika mapema haihitaji sana.

Kuondoka mchana kulituokoa na mvua pia. Alasiri za kiangazi Florida huja na ngurumo karibu kila siku, na radi ikikaribia, michezo mingi ya nje husimamishwa. Kuhusu chakula, watu wengi hawajui kwamba Disney World inaruhusu mgeni aingie na chakula chake, mradi hakuna chupa za vioo. Wifi alipika chapati usiku, tukazifunga na mayai ya kuchemsha. Maji baridi ya barafu hutolewa bure kwenye vibanda vya vyakula vinavyouza soda za kumimina, ukiomba tu. Na leso zangu mbili zilifanya kazi kuliko kitu chochote tulichobeba: asubuhi zilikuwa kivuli, mchana taulo, ndani ya majumba yenye kiyoyozi kikali zikawa shuka la mtoto.

Nataka kukaa kidogo kwenye muda wa kama saa moja hivi wa siku ya tatu. Space Mountain ni treni inayokwenda mbio gizani, ndani ya jengo lenye paa la mviringo, na haipandwi na mtu asiyefika sentimita 112. Mwanangu alisimama kwenye kijiti cha kupimia. Mfanyakazi alimpima mara mbili, kwa upole, mara ya pili akamwomba anyooshe mgongo. Sentimita 110. Mdomo wake ukaanza kutetemeka, na baba yake alikuwa karibu kumwombea, jambo ambalo lisingefaa hata kidogo. Nikamshika mkono nikasema sisi wawili tuna kazi nyingine. Tulitafuta ukuta wenye kivuli, nikatandika leso, tukaketi chini kama tunavyoketi kwa nyanya yake. Alihesabu kofia nyekundu za wapita njia. Aliniuliza kama sentimita mbili ni ndefu kuliko kidole chake, tukapima, tukakuta zinaishia kwenye pingili ya kwanza. Alilala mapajani kwangu dakika kumi. Nilimpepea kwa ramani ya bustani, na kwa mara ya kwanza tangu tutue Marekani sikuwa natamani kuwa mahali pengine. Wenzetu waliporudi, walitukuta tumeshiba maji na utulivu. Bustani zile zina utaratibu wa mzazi mmoja kubaki na mtoto na mwenzake akirudi yeye aende bila kupanga foleni upya. Mume wangu alinikumbusha zamu yangu, nami nikamwambia zamu yangu nimeshaitumia.

Siku ya nne tulikwenda Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa Aprili 1998, na huko ndiko nilikokutana na jambo ambalo sikulitegemea. Sehemu yake ya Afrika ni mji wa kubuni uitwao Harambe, neno letu likiwa limepungua e moja, na walioubuni waliiga Lamu. Niliingia nikaona kuta za chokaa zilizobanduka, boriti zimechomoza, milango ya mbao, na maandishi ya Kiswahili kila upande. Nyufa za ukuta ni za kuchongwa na kupakwa rangi, lakini aliyezitengeneza alikuwa amekwenda na kutazama vizuri. Mahali fulani pameandikwa "Uhuru 1961". Binti yangu alisimama. "Mama, wamekosea. Sisi ni 1963." Nikamwambia mji huu ni wa kubuni na una mwaka wake wenyewe, ila Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na sisi tarehe 12 Desemba, miaka miwili baadaye. Palepale akamgeukia mdogo wake na kuanza kumfundisha, kwa sauti ya mwalimu wake wa darasa la nne.

Nyuma yetu alikuwa bibi mmoja wa Kimarekani na wajukuu zake. Akauliza lile jina la mji lina maana gani. Binti yangu, ambaye siku ya kwanza alikuwa analia na viatu mkononi, alimweleza kwamba harambee ni pale watu wengi wanapovuta kitu kizito pamoja, na pia ni pale kila mmoja anapochanga kidogo mpaka shule inajengwa au mgonjwa analipiwa hospitali. Yule bibi alirudia neno hilo mara tatu, akiikazania ile e ya pili.

Halafu tukapanda lori la Kilimanjaro Safaris, safari ya dakika kama ishirini kati ya twiga, tembo na faru. Nilikuwa nimejiandaa kuudhika, kwa sababu mbuga yetu ya Nairobi ni ya tangu 1946, ina kilomita za mraba 117, na simba wake wananguruma mwendo mfupi kutoka barabara ya Lang'ata. Lakini mwanangu aliuliza kwa nini simba hawawali wanyama wa jirani, dereva akajibu kwamba kuna mitaro iliyofichwa, na mtoto akaacha kabisa kutazama wanyama. Safari yote iliyobaki alitafuta mitaro. Aliuona mmoja nyuma ya kichaka, akanibana mkono kwa nguvu. Nami nikaanza kuitafuta pamoja naye.

Wenzangu ambao bustani yao ni ya karibu, wanaopanda treni ya reli ya kisasa kwenda kuteleza majini Mombasa, hawana tofauti ya saa saba za kuhangaika nayo, lakini foleni ipo, jua lipo, na yupo mzazi mmoja ndani ya behewa ambaye angependa kubaki nyumbani. Mwenzake amuulize mapema, kabla ya Mtito Andei, anataka kushika kazi gani.

Hesabu yangu ya dola sikuimaliza. Nilijaribu ndegeni kugawanya gharama kwa michezo tuliyopanda, nikakwama kwenye ule muda tulioketi na leso penye kivuli cha ukuta, kwa kuwa sikujua niuweke safu gani.

Desemba hii tunakwenda Lamu. Binti yangu ameomba akaone nyufa ambazo hazikupakwa rangi, na mdogo wake, ambaye sasa ana sentimita 121, anataka kujua kama huko nako kuna mitaro. Asiyetaka safari hii ni baba yao, ambaye bahari humchafua roho tangu utotoni na anajua kwamba kutoka Mokowe hadi kisiwani ni lazima upande boti. Jana usiku, tukiwa tunaosha vyombo, aliniambia waziwazi kwamba hataki kwenda. Nikamuuliza anataka kazi gani. Amesema atafikiri.

Mama wa watoto wawili,
Kasarani, Nairobi