Mtoto kamfuata nani? Majibu ya maswali yenu ya vinasaba

Habarini ndugu zangu. Toka nianze kuongelea vinasaba, yaani yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi na yameandikwa kwenye DNA, maswali yamekuwa mengi kwelikweli, na mengine yamenikosesha usingizi, maana nyuma ya swali moja unakuta kuna ndoa inataka kuvunjika au kuna mama anasemwa na mawifi kila kukicha. Mimi ni mwalimu wa bailojia tu, ila haya mambo nayapenda na yananiuma pia. Nimechukua manane nijibu leo.

"Mwalimu, hiyo DNA wanayosema inakaa wapi hasa? Kwenye damu?" Kijana, Chikongola Mtwara.

Mdogo wangu, haiko kwenye damu peke yake, iko karibu kwenye kila seli ya mwili, kwenye mate, kwenye ngozi, kwenye mzizi wa unywele, na hata kwenye damu yenyewe iko kwenye chembe nyeupe, maana zile nyekundu zikishakomaa zinakuwa hazina kabisa. Ukitaka kuiona kwa macho yako fanya kama ninavyofanya na wanafunzi wangu: chukua kipande cha papai lililoiva uliponde, weka maji yenye chumvi na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, koroga taratibu povu lisijae, chuja na kitambaa safi kwenye glasi, halafu chukua spiriti iliyokaa kwenye friza uimimine pembeni ya glasi polepole ili ikae juu. Subiri dakika chache usitikise. Utaona vitu vyeupe vinapanda, laini kama pamba iliyolowa, unavizungusha na kijiti vinanata. Hiyo ndo DNA ya papai. Darasa zima huwa linanyamaza hapo, na mimi mwenyewe kila mwaka nasisimka upya.

Sasa kwako wewe, kwenye kila seli hizo nyuzi za DNA ukizinyoosha zote zinafika kama mita 2, zimekunjwa kwenye vifurushi 46 tunavyoviita kromosomu, na zimeandikwa kwa herufi nne tu A, T, G na C, zinazojirudia kama bilioni 3 hivi kwa seti moja ya mzazi mmoja. Kipande cha maandishi hayo kinachotoa maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini, mara nyingi protini, ndo tunakiita jeni, na binadamu tuna jeni kama 20,000 za namna hiyo.

Na hapa naomba wote mshike mfano mmoja maana nitaurudia mpaka mwisho: doti ya kanga. Doti moja ina vipande viwili. Wewe karibu kila jeni unayo kama doti, kipande kimoja kakupa mama na kimoja kakupa baba, na siku ukizaa unampa mtoto kipande kimoja tu, hujui kipi, mwenzako naye anatoa kimoja, mtoto anapata doti yake mpya. Basi.

"Nimezaa mabinti wanne na sasa mume wangu anataka kuoa mke wa pili apate wa kiume. Kuna dawa ya kusaidia?" Mama, Nachingwea.

Pole sana dada yangu. Hakuna dawa ya kukusaidia wewe kwa sababu wewe huna tatizo, na wala mume hana. Jinsia ya mtoto inatokana na jozi moja ya kromosomu, mwanamke anazo X mbili, mwanaume ana X na Y, kwa hiyo yai lako wewe siku zote linabeba X, huna kingine cha kutoa! Mbegu za baba ndo zipo za aina mbili, karibu nusu zina X na nusu zina Y, ikiwahi yenye X anakuja binti, ikiwahi yenye Y anakuja kijana. Mabinti wanne mfululizo sio laana wala kisirani, ukichukua familia 16 zenye watoto wanne wanne unategemea moja hivi itakuwa na wasichana watupu. Na mimba ya tano haikumbuki zilizotangulia, inaanza moja, nusu kwa nusu kama ile ya kwanza. Naomba umsomee mume wako hapa kwa sauti, au kama kuna mjomba au mzee anayemsikiliza mpe simu asome yeye. Nimeona wanawake wengi huku kwetu wanarudishwa kwao kwa jambo ambalo hawana uwezo nalo hata chembe, na inaniuma.

"Mimi na mchumba wangu tumepima, wote tumeambiwa ni AS ya sikoseli. Wazazi wanasema tuachane. Tufanyeje?" Lindi mjini.

Kwanza hongereni kwa kupima kabla, wengi wanakuja kujua mtoto akishaanza kulia usiku.

Sikoseli, au selimundu kwa Kiswahili cha vitabuni, inatoka kwenye herufi moja. Moja tu! Kwenye jeni inayotengeneza sehemu ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, palipotakiwa kuwa na A pamekaa T. Matokeo yake himoglobini inashikana shikana, chembe nyekundu inajikunja kama mundu, inakuwa ngumu, inaziba mishipa midogo, na hapo ndo maumivu yanapoanza. Inakadiriwa kila mwaka nchini kwetu watoto kama 11,000 wanazaliwa nayo.

Rudi kwenye doti. Nyie kila mmoja ana kipande kimoja kizima, tunakiita A (hii sio ile herufi A ya DNA), na kimoja chenye kasoro, S, na kwa sababu kizima kinatosha kufanya kazi hamuumwi. Mkizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata vipande viwili vizima, mbili kati ya nne awe AS kama nyie, na moja kati ya nne apate S kutoka kwa wote wawili, huyo ndo mgonjwa. Watu wanaelewa vibaya hapa, wanadhani ukizaa wanne mmoja ataumwa na watatu wamenusurika. Hapana jamani, ni kwa kila mimba, mnaweza kuzaa wanne wote wazima na mnaweza kuzaa wawili wote wagonjwa.

Kwa nini iko sana kwetu? Malaria. Mwaka 1954 mtafiti mmoja, Anthony Allison, alionyesha kwamba mwenye AS anakingwa kwa kiasi na malaria, hasa ile kali inayoua watoto, kwa hiyo sehemu zenye mbu wengi kama pwani yetu kipande hicho kiliendelea kubaki kizazi hadi kizazi kwa sababu kilikuwa kinaokoa watu. Babu zenu hawakuwapa laana, waliwapa kitu kilichowafanya wao wafike ukubwani.

Mimi sitawaambia muachane na sitawaambia muoane, hilo ni lenu. Ila kama mtaoana, kila mtoto apimwe mapema. Miezi ya mwanzo huwa haonyeshi dalili kwa sababu anatumia himoglobini ya utotoni, baada ya hapo ndo unaona vidole vya mikono na miguu vimevimba, vimejaa kama vitumbua, mtoto hataki kuguswa. Nimewahi kumuona mtoto wa jirani wa hivyo, mwaka mzima anapelekwa kwa waganga kwamba karogwa, na pale walipoenda kutibiwa mara ya kwanza wakapewa panadoli tu wakarudishwa nyumbani. Siku hizi wapo vijana wenye sikoseli wanasoma wanafanya kazi, kuna penisilini ya kukinga maambukizi kwa wadogo, kuna kinga ya malaria, maji mengi, na kuna haidroksiurea inayopunguza yale maumivu ya ghafla. Lakini yote yanaanza na kujua.

"Nilichukua mbegu za mkorosho bora kuliko yote shambani nikapanda. Miaka imepita, kila mmoja unazaa kivyake, mingine hovyo kabisa. Nilitapeliwa wapi?" Mzee, Tandahimba.

Shikamoo mzee wangu. Hukutapeliwa, mbegu ilikufanyia kile ambacho mbegu hufanya. Ule mkorosho bora ni mama tu. Maua yake yalitembelewa na nyuki na wadudu wengine waliotoka kwenye mikorosho ya jirani, kwa hiyo baba wa kila korosho uliyopanda humjui, inaweza kuwa ni ule mti dhaifu wa nyuma ya nyumba. Na hata kama baba ni mzuri, vile vipande vya doti vinachanganywa upya kila mbegu, ndo maana umepanda mbegu za mti mmoja na unaona mmoja una mabibo mekundu, mwingine ya njano, korosho moja nene nyingine kama kunguni.

Dawa yake ni miche ya kubebesha, kama wanavyofanya pale Naliendele kwenye kituo cha utafiti. Wanaotesha mche wa kawaida, wanaukata juu, wanaupasua katikati, wanachukua kikonyo cha unene wa penseli kutoka kwenye mti bora, wanakichonga ncha kama kabari, wanakichomeka pale kwenye mpasuko na kukifunga na utepe wa nailoni kwa nguvu hewa isiingie. Kikishika, machipukizi yote ya juu ni mti uleule bora, vinasaba vilevile, hakuna baba mpya aliyeingia. Mizizi ni ya mwingine lakini korosho ni za yule. Ile mikorosho yako dhaifu nayo usiing'oe kwa hasira mzee, inaweza kukatwa ikachipua upya na machipukizi yakabebeshwa, waulize maafisa ugani.

"Sisi Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama. Je sayansi inakubali?" Ruangwa.

Ukoo ni utaratibu wa watu, sayansi haina kura hapo. Kwenye vinasaba mtoto kachukua karibu nusu kwa nusu. Ila kuna kitu kimoja kizuri: nje ya kiini cha seli, pale zinapokaa zile kromosomu, kuna vimashine vidogo vya kutengeneza nguvu vinaitwa mitokondria, vina DNA yake vyenyewe, fupi, herufi 16,569 na jeni 37, na hiyo inatoka kwa mama peke yake. Ya kwako kakupa mama, yeye kapewa na bibi mzaa mama, na bibi na mama yake, hivyo hivyo kurudi nyuma. Mjomba wako anayo hiyohiyo lakini watoto wake hawaipati. Nikifundisha hili wanafunzi wa Kimwera, Kimakonde na Kimakua wanatabasamu, wanasema mwalimu hii si ndo tunayoijua.

"Ni kweli mjamzito akimcheka au kumtazama sana mtu mwenye ualbino atazaa hivyo?" Masasi.

Si kweli, na naomba isirudiwe. Ualbino ni doti tena: mtoto kapata vipande viwili vyenye kasoro kwenye jeni inayohusika na rangi, kimoja kwa mama kimoja kwa baba, na wazazi wenyewe wana rangi yao kamili kwa sababu kila mmoja ana kipande kizima kingine. Wote wawili wamechangia sawasawa, kwa hiyo baba anayesema "huyu sio wangu" anakosea kabisa. Tanzania inakadiriwa ni mtu mmoja katika kila 1,400 hivi. Mtoto huyo anahitaji kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, akae mbele darasani maana macho yanamsumbua, na anahitaji ulinzi wetu.

Na kwamba kinachompata mzazi kinaingia kwa mtoto, angalia hapahapa kwetu. Bibi zetu wa Kimakonde walichanjwa chale usoni na kutobolewa ndonya mdomo wa juu vizazi na vizazi, wanaume wanaenda jandoni miaka yote, je umewahi kuona mtoto kazaliwa na chale? Kisu kilipita kwenye ngozi, hakikuandika kwenye yai wala kwenye mbegu.

"Mimi damu yangu A, mke wangu B, mtoto katoka O. Nina mashaka." Newala.

Kaka, tulia kwanza. A yako inaweza kuwa kipande A na kipande O, sema O inajificha, na B ya mkeo vivyo hivyo. Kila mmoja akitoa O yake mtoto anakuwa O, tena nafasi ni moja kati ya nne. Ni jambo la kawaida kabisa. Group la damu halithibitishi baba ni nani. Kipimo cha kweli ni cha vinasaba, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kwa sheria ya mwaka 2009 huendi tu kama unapima presha, maombi yanapitia sehemu kama mahakamani au ustawi wa jamii. Ila kwa hiyo A, B na O yako peke yake sijaona sababu ya kumshuku mkeo hata kidogo.

"Mwalimu, mijusi mikubwa ya Tendaguru si wachukue DNA waifufue?" Mwanafunzi, Lindi.

Swali zuri mdogo wangu! Hiyo mijusi ndo dinosaria. Wajerumani walichimba mifupa yao hapo Tendaguru, Lindi, kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa iko Berlin, kuna mjusi mmoja amesimamishwa ana kimo cha mita 13 na kitu. Lakini wale waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, na DNA inavunjikavunjika hata ndani ya mfupa, maji na joto vinaimaliza. DNA ya zamani kuliko zote iliyowahi kusomwa ilitangazwa 2022, ilitoka kwenye udongo wa Greenland ulioganda kwa baridi, nayo ina miaka kama milioni 2 tu. Kwa joto la Lindi, mpaka leo kilichobaki pale ni jiwe lenye umbo la mfupa. Ila ukipata nafasi nenda ukalishike.