Kwenye programu ya Java, kosa (exception) lidakwe tabaka gani: la data, la huduma (kanuni za biashara) au la wavuti (linalopokea maombi na kuyajibu)?
Mkuu, lidake mara moja tu, juu kabisa kwenye tabaka la wavuti. Kule chini kwenye kanzidata libadilishe tu liwe kosa lenye maana ya biashara, mfano "mzigo haupo", na chanzo chake ulibebeshe humo humo. Huduma iliache lipite. Juu ndipo linageuka namba ya jibu la HTTP: 404 (hakipo), 409 (mgongano) au 500 (hitilafu ya seva), na logi (kumbukumbu ya mfumo) inaandikwa hapo.

Nimejifunza kwa maumivu. Mfumo wa risiti za dagaa tulioufunga mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, mmoja wetu alidaka kosa katikati, akaandika logi, akanyamaza. Muamala ukapita kama vile mambo shwari: risiti imetoka, malipo hayamo. Wachuuzi walishinda wakibishana na karani.

Ukitumia Spring (zana ya kujengea programu za Java) angalia hapa: kwa kawaida yake muamala unarudishwa nyuma, yaani mabadiliko yake yanafutwa, kwa RuntimeException na Error tu, aina ambazo Java haikulazimishi uzitangaze. Yale makosa ambayo Java inakulazimisha uyatangaze au uyadake hayaurudishi mpaka uiambie. Katikati daka pale tu una la kufanya, kama kujaribu tena mtandao ukikatika, ila hakikisha ombi la pili halimkati mteja pesa mara mbili.