Re: Maharage ya kopo ya pantri na presha ya mama
Dada umeuliza kama yale maharage ya kopo uliyopewa pantri (pale wanapogawa chakula bure) uyatupe kisa mama ana presha, usitupe jamani! Mwaga lile maji yote, suuza vizuri bombani, chumvi inapungua karibu asilimia 40, halafu unga na kitunguu na nyanya kama nyumbani tu ila chumvi usiongeze tena. Kila kopo hapa Marekani lina lebo, angalia sodiamu (ile iliyomo kwenye chumvi), ikiwa asilimia 5 ya kiwango cha siku kushuka chini beba, ikifika 20 rudisha. Matunda ya kopo chukua ya kwenye juisi, yale ya sirapu sukari tupu. Mchele wa brauni (usiokobolewa) mie ulinishinda mwanzoni, nikawa nachanganya nusu kwa nusu na mweupe, watoto wala hawakustuka 😂