Je, ninamwibia Alma Thomas?

SWALI: Yaya, mimi ni kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka. Mwaka jana niliona kwenye simu michoro ya Alma Thomas wa Marekani, ile ya vipande vifupi vya rangi vilivyopangwa kwa duara. Tangu siku hiyo kila ninachochora kinatoka kama chake. Marafiki wananisifu, lakini moyo hautulii. Niache kumtazama?

JIBU: Usiache, mdogo wangu. Ila wewe umetazama michoro yake tu, hujatazama kile alichokuwa akikitazama yeye. Mama huyu alifundisha sanaa shuleni Washington miaka 35, akastaafu mwaka 1960. Mtindo unaoupenda ulimjia akiwa amepita miaka 70, nyumbani kwake, akiangalia mwanga unavyocheza kwenye majani ya mti wa dirishani. Jumba la sanaa la Whitney la New York lilipomfanyia maonyesho yake peke yake, mwaka 1972, alikuwa na miaka 80.

Nilipoijua habari ya dirisha lile, nilibeba kigoda nikakaa chini ya mwembe wetu. Ilikuwa mwezi wa kumi, saa sita mchana, jua utosini. Nikatandika boksi chini, nikaanza kuzungushia kwa mkaa madoa ya jua yaliyoliangukia. Karibu yote yalikuwa ya mviringo, hata pale tundu kati ya majani lilipokuwa na pembe. Halafu, kabla sijalifikia la ishirini, lile la kwanza lilishatoka nje ya mstari wake! Na pembeni mwa boksi, kivulini, udongo wetu mwekundu ulikuwa umeiva, unakaribia zambarau.

Thomas huacha weupe wa kitambaa uchungulie kati ya vipande vyake. Chini ya mwembe wangu hapakuwa na weupe. Basi nikapaka turubai nzima rangi ya udongo ule, ndipo nikaweka madoa, kila moja na alama hafifu ya pale lilipokuwa mwanzo. Mikono ilinitetemeka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchora bila kufungua picha ya mtu pembeni.

Kwa hiyo tafuta mahali pako, ukae hapo siku kadhaa. Jambo moja la kazi: yeye alitumia rangi ya akriliki, inayokauka upesi. Rangi yako ya mafuta ya vibao hukawia, na vipande viwili vikigusana vinachanganyika. Paka kimoja, jirani yake asubiri kesho. Brashi nayo si lazima. Bela, mchoraji wa zamani wa hapa hapa mjini kwetu, alichora kwa vidole.

Zile ulizokwisha kuiga usizichome. Andika nyuma yake "nimejifunza kwa Alma Thomas", uziweke nyumbani. Usiziuze.